Riwaya yangu ya wanawake waliojitenga imegeuka hotuba. Nirekebishe wapi?

*"Ninaandika riwaya kuhusu wanawake saba wanaozikimbia ndoa zao na kwenda kuishi pamoja kwenye shamba ambalo mmoja wao amelirithi. Nimefika sura ya tisa, nimekwama. Waliosoma mswada wananiambia waume wote ni mashetani, wanawake wote ni malaika, na wakishafika shambani hakuna kinachotokea, ni kuzungumza tu. Nikaongeza jirani mmoja, mwanamume mwema, ili kusawazisha. Sasa yeye ndiye anayewatatulia kila kitu. Sitaki kupunguza makali ya dhuluma, maana ndiyo iliyonifanya nianze kuandika. Nifanyeje? Na je, kuandika mwisho ambao wanashinda ni utoto?"*

Ndugu mwandishi, kama nimekuelewa, una hofu mbili. Ukiwasikiliza wasomaji wako, unaona utakuwa umewageuka wanawake uliokusudia kuwasemea. Usipowasikiliza, kitabu hakuna atakayekimaliza. Jambo moja nikutoe wasiwasi mapema: dhuluma haijazidi katika riwaya yako. Umeirundika tu mahali pamoja, kwenye ngumi za waume. Ndiyo maana wanawake wakishavuka lango la shamba hadithi inakata pumzi. Ngumi zimebaki nyuma, na mgogoro wote umebaki nazo.

Ukandamizaji kwa kawaida huanza mbali sana na ngumi. Kwanza kuna mali: imeandikwa kwa jina la nani? Kuna sheria. Kuna aibu, na midomo ya watu. Kuna pia ile sauti ambayo mwanamke mwenyewe ameshaimeza, inayomwambia asiulize. Mambo haya yote yakishika vizuri, mume hana haja ya kunyanyua mkono. Mara nyingi mkono hunyanyuliwa pale mojawapo linapoanza kulegea, mke anapopata kipato au anapouliza swali ambalo hakuzoea kuliuliza. Nchini Ufaransa, mpaka ilipopitishwa sheria ya mwaka 1965, mke aliyeolewa hakuwa na haki ya kufungua akaunti ya benki au kuajiriwa bila ridhaa ya mumewe. Uingereza, kabla ya sheria za mwaka 1870 na 1882, mshahara wa mke na sehemu kubwa ya mali yake vilikuwa vya mume kisheria. Katika nchi hizo walikuwepo waume wapole wengi tu, na sheria haikuwauliza tabia zao. Mpole na mkali walinufaika sawasawa.

Ukilishika hilo, utaandika dhuluma nzito zaidi kwa damu kidogo zaidi. Chukua tukio linalofungua miswada mingi ya aina hii: chakula kimechelewa, mume anafoka, kofi linalia. Msomaji ameshaliona mara mia, na halimwambii lolote kuhusu watu hawa wawili hasa. Sasa jaribu hili. Mume huvaa ufunguo wa kabati la fedha kwenye mkanda wake. Kila asubuhi mke husimama mlangoni na kusema, "Naomba ufunguo." Mume huuchomoa na kumpa, bila hata kuinua macho. Katika miaka 12 ya ndoa hajamnyima hata siku moja. Asubuhi moja anaondoka na kuusahau mezani. Mke anauona. Anapanga vyombo, anafagia, anaupita tena na tena. Kutwa nzima hafungui kabati, ingawa ana shida ya fedha na mume angempa. Jioni anamrudishia. "Ungefungua tu," anasema mume, na anacheka kwa upendo kabisa.

Hapo hakuna aliyepigwa, lakini msomaji amekabwa koo. Amemjua mke, amemjua mume, na anajua kuna siku ufunguo ule utaleta jambo. Pia umejipatia kitu cha kushikika, ambacho unaweza kukirudisha sura ya sita au ya kumi bila kueleza neno.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhesabu. Pitia sura zako tisa ukiwa na kalamu nyekundu, uweke alama kila mahali mtu anapopigwa, kubakwa au kutishwa kwa kifo. Ukikuta matukio kumi, bakiza mawili au matatu. Hiyo si heshima kwa waume. Ni kwa sababu msomaji hufa ganzi. Kipigo kikali kikija ukurasa wa tatu, cha ukurasa wa arobaini lazima kiwe kikali zaidi ili msomaji akisikie, na kwa njia hiyo unajikuta unashindana na wewe mwenyewe kwa kuumiza watu wa karatasi. Bakiza tukio ambalo baada yake mtu anaamua jambo. Mengine yaonyeshe kwa kabla na baada: watoto wanavyonyamaza ghafla gari linaposimama nje, mwanamke anavyochagua nguo ya mikono mirefu siku ya jua kali. Kwa yale unayobakiza, usimulizi ukae ndani ya anayepigwa, kwa anachosikia na anachohesabu kichwani. Msimulizi akisimama pembeni na kuupitia mwili wake kwa macho, anakuwa mtazamaji, na msomaji anakaa naye kwenye kiti hichohicho.

Tuje kwa jirani yako. Umedhani mwanamume mbaya husawazishwa na mwanamume mwema, kama mizani. Mizani ya riwaya haiendi hivyo. Shetani na malaika, wote wawili ni wahusika bapa, yaani wana sura moja tu, mwanzo hadi mwisho. Ukiwaweka pamoja unapata wahusika bapa wawili. Mwanamume mbaya anahitaji kueleweka, na kueleweka si kusamehewa. Kwa kila mume jiulize: anafaidika nini na hali ilivyo? Anaogopa kupoteza nini, na mbele ya nani? Ni lini mara ya mwisho alikuwa mtu wa kupendeka, na mkewe anaikumbuka siku hiyo? Swali hili la mwisho usiliruke. Mwanamke aliyeolewa na shetani tupu anaonekana mjinga kwa kukaa naye miaka kumi, na bila kukusudia unakuwa umemtukana yule uliyetaka kumtetea.

Jirani mwenyewe unaweza kumfanya mambo matatu. Ukimwondoa kabisa, shamba linabaki safi, ila linageuka kisiwa: msomaji ataanza kuuliza wanauzaje mazao yao pasipo kukutana na mwanamume hata mmoja. Ukimbakiza na msaada wake ukawa na bei, unapata mvutano. Ametengeneza pampu, na wiki inayofuata anaingia uani bila kubisha hodi, naye haoni kosa lake. Njia ya tatu, ambayo mimi ningeichagua, ni kumwacha awe mwema kwelikweli huku mfumo ukimnufaisha. Kwenye kikao kuhusu mpaka wa shamba, mwanamke anatoa hoja, hakuna anayejibu. Jirani anairudia kwa maneno yaleyale, wote wanatikisa vichwa na kuipokea. Amewasaidia, na kwa kuwasaidia amethibitisha kwamba bila yeye hawasikiki. Anajua? Wao wanafanyaje, wakikumbuka kwamba mpaka umepatikana? Sura nzima iko hapo. Njia yoyote utakayoshika, jipe sharti moja: jirani anaweza kuleta kifaa, taarifa au nguvu za mikono, lakini uamuzi na gharama yake vibaki kwa wanawake. Ukikuta tatizo lililoisha bila mmoja wao kuamua chochote, andika upya.

Sasa shamba. Wasomaji wako wanasema hakuna kinachotokea huko, nami nadhani wana haki, kwa sababu umewapa wanawake wako uhuru bila kuwapa kazi. Jumuiya za wanawake zilizodumu katika historia zilisimama juu ya riziki inayotajika. Kule Flanders, ambayo leo sehemu yake kubwa iko Ubelgiji, na maeneo ya jirani, tangu karne ya 13, waliishi wanawake walioitwa mabegini. Hawakuweka nadhiri ya maisha kama watawa. Begini aliweza kuondoka akaolewa. Walisokota na kufuma, walifundisha watoto, waliuguza wagonjwa. Kanisa liliwatilia shaka: Marguerite Porete, anayehesabiwa miongoni mwao, alichomwa moto Paris mwaka 1310 kwa sababu ya kitabu alichokiandika, na Mtaguso wa Vienne, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, wa 1311 hadi 1312 uliwalaani. Hata hivyo baadhi ya jumuiya zao ziliendelea kwa karne nyingi. Begini wa mwisho alifariki Kortrijk, Ubelgiji, mwaka 2013. Huko Guangdong, kusini mwa China, wanawake waliapa kutoolewa na kujifunga wenyewe nywele kwa mtindo wa mke, jambo ambalo bibi harusi alifanyiwa siku ya ndoa. Kilichowawezesha ni mshahara wa viwanda vya hariri. Biashara ya hariri ilipoporomoka miaka ya 1930, wengi walivuka bahari kwenda kuwa watumishi wa nyumbani Singapore na kwingineko. Na kaskazini mwa Kenya, Samburu, kijiji cha Umoja kilianzishwa mwaka 1990 na Rebecca Lolosoli na wenzake, wanawake waliokimbia ukatili. Wamekuwa wakiishi kwa kazi za shanga na fedha za wageni wanaowatembelea.

Ona kilicho sawa kote huko: kazi ya mikono, kanuni za kuingia na kutoka, na mtu wa nje anayenuna. Ona pia kwamba bei ya hariri iliamua maisha ya wanawake wale kuliko mwanamume yeyote mmoja. Shamba lako nalo lina bei yake. Chukua karatasi moja, ambayo haitaingia kitabuni, uandike: ni ekari ngapi, zinalimwa nini, mavuno ya kwanza yanakuja baada ya miezi mingapi, na mpaka hapo watu saba wanakula kutoka wapi? Nani alikuja na akiba, nani alikuja na watoto, watoto wangapi? Wavulana wakikua watakwenda wapi, au watabaki? Anayetaka kujiunga sasa anamwomba nani? Majibu yakikushinda, hapo ndipo ulipokwama, hata kama ulidhani umekwamia sura ya tisa.

Halafu kuna jambo umeliandika mwenyewe kwenye swali lako na nadhani hukuliona. Shamba ni la *mmoja wao*. Hati ina jina moja. Wanawake sita wametoka kwenye nyumba ambazo hazikuwa zao na kuingia kwenye nyumba nyingine ambayo si yao. Huhitaji kumfanya mwenye shamba awe mbaya. Mfanye mwangalifu. Amepigania urithi ule mbele ya ndugu zake wa kiume, anaogopa kuupoteza, kwa hiyo fedha za mauzo anazifungia mwenyewe, kwa nia njema tu, ili hesabu zisichanganyike. Asubuhi moja, yule mke wa ufunguo anasimama mlangoni pake na kusema, "Naomba ufunguo." Anasikia sauti yake mwenyewe. Hapo sura ya tisa imeanza, na hakuna mwanamume aliyehitajika.

Kuna mtego hapa lazima nikuonyeshe. Ukianza kuwagombanisha wanawake, upande wa pili wa barabara unakusubiri ule msemo kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake. Msemo huu huwapendeza watu kwa sababu unawatoa wanaume kwenye picha. Ukweli una mantiki yake. Mwaka 1988 msomi Deniz Kandiyoti aliandika juu ya alichokiita mapatano na mfumo dume: mwanamke huvumilia utiifu akiwa kijana kwa sababu ameahidiwa mamlaka atakapozeeka, mamlaka yanayopitia kwa wanawe wa kiume. Mama mkwe anayemkandamiza mke wa mwanawe hafanyi hivyo kwa roho mbaya ya kike. Anadai malipo ya kazi ya miaka thelathini, na huyu binti anayetaka kuhama na mume wake anataka kuvunja benki siku ya kuchukua akiba. Ukimwandika hivyo, msomaji atamwonea huruma na kumwogopa kwa pamoja. Mmoja kati ya saba wako angefaa sana kuwa mama mkwe wa namna hiyo, aliyewahi kumfanyia mwingine yale anayoyalalamikia sasa. Ugomvi wao uwe juu ya maslahi, yaani ardhi, muda, watoto na zamu za kazi. Ugomvi wa wivu na umbea uache. Ni rahisi kuuandika na haufiki popote.

Kuhusu idadi, saba ni wengi kwa msomaji, ingawa si wengi kwa kitabu. Usiwapange wote mlangoni sura ya kwanza kama darasa linaloitwa majina. Wawili waingie sura ya kwanza, wa tatu ya pili, waliobaki kila mmoja afike akiwa amebeba tatizo jipya. Watatu tu wawe na mtazamo wa kusimulia. Wanne waonekane kupitia wengine. Majina yaanze kwa herufi tofauti. Ni jambo dogo, lakini Rehema, Rukia na Rahma kwenye ukurasa mmoja ni adhabu.

Mazungumzo nayo yana kipimo chake. Mwaka 1985 mchoraji Alison Bechdel aliweka kwenye katuni yake maswali ya kuuliza filamu: je, wamo wanawake wawili, wanazungumza wao kwa wao, na wanazungumzia jambo lisilokuwa mwanamume? Ni kipimo cha chini mno, na kazi mbovu nyingi hukipita. Ila kwa riwaya ya wanawake waliojitenga kina uchungu wake, maana mara nyingi huanguka palepale: wanawake saba jioni nzima wanawajadili waume waliowaacha. Waume hawapo, na bado wameshika usukani wa mazungumzo. Hesabu kurasa zako za sura ya tano hadi ya nane. Ukiona zaidi ya nusu ya maongezi ni juu yao, wape wanawake wako kitu mikononi: ng'ombe anayezaa usiku, daftari la hesabu lisilolingana, paa linalovuja. Hadithi ya mume itoke katikati ya kazi, kipande kipande, na iishie njiani kwa sababu kamba imekatika.

Hotuba utaitambua hivi: mhusika anasema jambo, na wote waliopo wanakubali, na wewe pia unakubali. Futa. Kama maneno ni mazuri kiasi cha kukuuma kuyafuta, mpe asiyestahili kuyasema. Mwenye shamba akitumia lugha ya uhuru na udada kumzuia mwenzake asiondoke, maneno yaleyale yanapata meno.

Mwisho wa ushindi si utoto. Kinachokuwa cha kitoto ni ushindi ambao haukumgharimu mtu. Una njia ya jumuiya kuvunjika, ambayo wahakiki huiheshimu kupita kiasi na inaweza kuwa uvivu tu, maana kuvunja ni rahisi. Una njia ya kushinda kwa hasara: hati inaandikwa upya kwa majina yote, lakini mmoja ameondoka kabla, na mwingine amelazimika kumwacha mtoto kwa baba yake. Na una njia ya mwanamke anayerudi nyumbani kwa hiari yake akiwa na masharti yake. Hiyo ya mwisho itakukasirisha, na ndiyo maana nakuomba uijaribu walau kwenye rasimu. Kujitegemea hupimwa kwa nani anaamua na nani analipa gharama. Kuishi bila mwanamume ni namna mojawapo tu. Mwanamke wako akiweza kuondoka shambani bila kuitwa msaliti, jumuiya ile imeshinda kuliko ikiwa wote saba wamebaki.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukusaidia, na inabidi ukae na mtu ana kwa ana. Mkasa wa urithi na hati umpelekee mwanasheria wa ardhi wa mahali unapoliweka shamba, kwa sababu sheria za mirathi hutofautiana sana na kosa moja hapo linaangusha msuko mzima. Mweleze kisa chako, muulize ndugu wa kiume wangeweza kufanya nini kisheria; huenda akakupa sura mbili bure. Kama wahusika wametokana na watu halisi, kubadili majina hakutoshi endapo majirani watawatambua kwa ajali, ulemavu au idadi ya watoto. Omba idhini ya mwenye kisa, na upate ushauri wa kisheria kabla ya kuchapisha. Na kama kuandika matukio haya kunakurudishia yaliyokupata wewe, ukakosa usingizi au ukaanza kuogopa meza ya kuandikia, weka mswada kando umwone mshauri nasaha. Ikiwa ukatili wenyewe unaendelea sasa nyumbani kwako, usalama wako uje kabla ya sura yoyote: mtafute ndugu unayemwamini, ofisi ya ustawi wa jamii, au shirika linalotoa hifadhi.

Mwisho, tafuta msomaji mmoja au wawili walioishi maisha ya namna hii, si marafiki wa fasihi peke yao. Kaa nao, kitabu kikiwa mezani. Usiwaulize kama wamekipenda. Waulize ni ukurasa gani walitaka kuuruka, ni mwanamke gani hawakumwamini, na ni jambo gani dogo la kila siku ambalo mume wako wa karatasi hajawahi kulifanya ilhali wao walilijua vizuri. Jibu la swali hilo la tatu liandike palepale, kabla hujafika nyumbani ukaanza kulipamba.